Ukubwa ni Jaa: Wakuu wa Kampuni na Haki ya Mfanyakazi Anayepunguzwa

Katika bonde la Ruhembe, wilayani Kilosa, pale ambapo njia itokayo Mikumi kwenda Ifakara hupita Kidodi na kuukaribia mto Ruaha Mkuu, maisha ya watu yamefungamana na kiwanda cha sukari kwa kadiri ambayo mgeni hawezi kuitambua kwa siku moja. Muuza mboga, mwenye vyumba vya kupangisha, fundi cherehani, dereva wa bodaboda na mkulima mwenye ekari mbili za miwa, wote hupata riziki yao, kwa njia ya karibu au ya mbali, kutokana na ujira wa wale waingiao getini alfajiri. Kwa sababu hiyo, uvumi wa kwamba kazi zitapunguzwa, ukishaanza kupita katika bonde kama hilo, haubaki ndani ya ua wa kiwanda. Hufika sokoni kabla ya jioni, mwenye duka akaanza kusita kukopesha, na mzazi akaanza kuihesabu upya ada ya mtoto wake.

Nimekusudia kusema neno juu ya ghadhabu ya wafanyakazi kwa wakuu wao wakati wa kupunguzwa kazini, kwa kuwa ni ghadhabu inayofahamika vibaya. Aghalabu wakuu wa kampuni hudhani kwamba mfanyakazi hukasirika kwa sababu amekatiwa mshahara, na kwamba akishalipwa mafao yake atanyamaza. Rai yangu ni kwamba mtu mzima anaweza kuustahimili msiba wa kupoteza kazi, maadamu ameelezwa sababu yake mapema, akaulizwa shauri lake, na akaona kwamba waliomtangulia kwa cheo wamemtangulia pia katika kuibeba hasara. Asichoweza kukistahimili ni kufichwa jambo la riziki yake mpaka siku ya barua, kisha akatambua kuwa mzigo wote umeteremshwa juu ya mgongo wake, ilhali wale walioamua habari hiyo wamebaki na jaha yao na posho zao kamili.

Kwanza yafaa tuelewe kazi ni kitu gani katika mahali kama Ruhembe. Mtumishi wa mjini akipoteza kazi hubaki angalau na chumba alichokipanga kwa mtu asiyehusika na mwajiri wake, na kesho yake aweza kubisha hodi katika ofisi ya mtaa wa pili. Mtumishi wa kampuni ya mashamba mara nyingi hukaa katika kota ya kampuni, familia yake hutibiwa kwa udhamini wa kampuni, na mkopo wake wa benki au wa SACCOS umesimama juu ya mshahara wake. Siku ajira inapokoma, nguzo zote hizo hutikisika kwa pamoja. Tena ujuzi alio nao, kama wa kusimamia tanuri la mvuke au wa kupika shira mpaka ikaganda kuwa chembe za sukari, hauna waajiri wengi katika nchi nzima. Ukishataja Kilombero, Mtibwa, Kagera na TPC ya Moshi, na hawa wa karibuni kama Bagamoyo na Mkulazi, hesabu imekaribia kwisha. Mtu wa namna hiyo akiambiwa leo kwamba kazi yake inakoma mwisho wa mwezi, hakuna mtaa wa pili wa kwenda kubisha hodi.

Chini yake yuko mtu mwingine ambaye hali yake ni dhaifu zaidi, naye ni mfanyakazi wa msimu. Kiwanda cha miwa hakisagi mwaka mzima. Husaga baada ya masika kukatika na mashamba kukauka, kisha hunyamaza mvua zinaporudi, na kwa muda huo wa ukimya mitambo hufunguliwa na kutengenezwa. Mkata miwa anayefanya kazi katika majivu meusi ya shamba lililochomwa, aghalabu akiwa chini ya mkandarasi badala ya kampuni yenyewe, mkataba wake huisha na msimu. Ikiwa msimu ujao hakuitwa, hakuna barua ya kupunguzwa, wala kikao, wala mtu wa kumuuliza sababu. Takwimu za kampuni zaweza kusema kwa ukweli kamili kwamba hakuna mtu aliyefukuzwa, na hali watu wengi wamerudi makwao mikono mitupu.

Historia ya bonde hili yatufundisha mengi juu ya jambo tunalolizungumza. Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilianzishwa mwaka 1960, kiwanda chake cha kwanza kikawa Msolwa, upande wa kusini wa Ruaha. Mwishoni mwa muongo huo ikawa mali ya umma, na katikati ya miaka ya 1970 kikajengwa kiwanda cha pili upande wa kaskazini, huku Ruhembe, ambacho wenyeji wengi hukiita K2. Ilikuwa zama za matumaini makubwa. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulikuwa umeagiza kuundwa kwa Mabaraza ya Wafanyakazi katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukatamka bayana kwamba kiongozi asiwe mtu wa ghururi, wa kunyanyasa na kudharau walio chini yake. Wafanyakazi waliyapokea maneno hayo kwa uzito kuliko walivyotarajia baadhi ya wakubwa. Katika miaka michache iliyofuata viwanda kadhaa vya Dar es Salaam viliona wafanyakazi wakigoma, hata wakawafungia milango mameneja, na madai yao mara nyingi yalikuwa juu ya kiburi na matusi kuliko juu ya shilingi.

Walakini maneno mema hayakudumu kuwa matendo. Mabaraza mengi yaligeuka kuwa mahali pa kutangazia mambo yaliyokwisha amuliwa, na chama cha wafanyakazi, kwa kuwa kilikuwa jumuiya ya chama tawala, kikawa na masikio mawili yote yakielekea juu. Matokeo yake yalionekana kwa uchungu mwaka 1986, pale mgogoro wa kazi katika Kampuni ya Sukari ya Kilombero ulipofikia hatua ya Kikosi cha Kutuliza Ghasia kuwafyatulia risasi wafanyakazi, na roho za watu zikapotea. Sitaki kuutumia msiba huo kuchochea bughudha ya leo, lakini sitaki pia usahaulike. Wakati njia za kusemezana zimezibwa, neno dogo ambalo lingemalizwa mezani katika saa mbili hugeuka kuwa damu. Wazee wa bonde hili hawahitaji kufundishwa jambo hilo na mtu yeyote.

Kisha yakaja mageuzi ya miaka ya 1990, wakati ambao neno ridandasi lilizoeleka katika vinywa vya watu kama lilivyozoeleka neno mvua. Serikali yenyewe ilipunguza watumishi wake kwa makumi ya maelfu, na Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ikashika kazi ya kuyauza yale yaliyoweza kuuzwa. Kilombero iliuzwa mwezi wa Aprili 1998; kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini na mshirika wake ED&F Man zikachukua asilimia 75 ya hisa, na Serikali ikabakiwa na asilimia 25. Baadaye Illovo nayo ikamilikiwa na Associated British Foods ya Uingereza. Katika mabadiliko hayo ajira za kudumu zilipunguzwa, na kazi nyingi zilizokuwa za kampuni, hasa ukataji na usafirishaji wa miwa, zikaelekea kwa makandarasi na vibarua wa msimu.

Insafu yanitaka niseme na upande wa pili. Kiwanda kilichokuwa kikitoa tani zisizofika 40,000 za sukari wakati wa kuuzwa kilikuja kutoa zaidi ya tani 120,000 kwa mwaka, na wakulima wa nje, ambao wengine wao walikuwa watumishi wa zamani wa kampuni hiyo hiyo, waliongezeka kwa maelfu na kujenga nyumba za matofali na kusomesha watoto kwa fedha ya miwa. Hakuna mtu mwenye akili atakayetamani kurejea kwenye mitambo chakavu na mishahara isiyolipwa. Nina hakika kwamba wengi wa waliopunguzwa wakati ule, kama wangeelezwa hesabu hizo waziwazi na kupewa nafasi ya kuzijadili, wangekubali kwamba lazima kitu kibadilike. Kilichobaki kuwa kinyongo katika nyumba zao ni kwamba mageuzi yaliwapita juu ya vichwa vyao; yalijadiliwa na washauri, wanunuzi na mawaziri, na wao wakaletewa hesabu ya mafao.

Kinyongo cha namna hiyo huishi kuliko kampuni iliyokizaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na watumishi wake wa reli, bandari, posta na ndege wakatawanyika. Mali na madeni vikagawanywa kwa mkataba wa mwaka 1984. Na bado wazee wa Tanzania walisubiri mpaka mwaka 2005 ndipo Serikali ikafikia maafikiano nao mahakamani na kuanza kuwalipa, na hata baada ya hapo wako walioendelea kuandamana Dar es Salaam wakisema kwamba walicholipwa hakikutimia. Miaka 28 ni umri wa mtu mzima mwenye watoto. Wengi walikufa wakiwa na faili mkononi. Yeyote anayedhani kwamba ghadhabu ya mfanyakazi aliyedhulumiwa hupoa yenyewe akiachwa, na awatazame wazee wale.

Sasa tuitazame sheria, kwa sababu ni dhana ya wengi kwamba tatizo ni kukosekana kwake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 38, yamwagiza mwajiri anayefikiria kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya nia hiyo mara tu anapoanza kuifikiria. Atoe habari zote zinazohusika ili mashauriano yawe ya kweli. Ashauriane nao, kabla ya kupunguza, juu ya sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza makali yake, namna ya kuwachagua watakaoondoka, wakati wa kufanya hivyo, na malipo ya kuachishwa. Mashauriano hayo yafanywe na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa, na hata wasio na chama wasiachwe. Wasipoafikiana, shauri lipelekwe kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa muda wa siku 30 za usuluhishi mwajiri asimwachishe mtu kazi. Hii ni sheria yenye adili, na aliyeitunga alikuwa akijua kwamba mwenye kupoteza riziki ana haki ya kujua kwa nini anaipoteza.

Lakini sheria yaweza kutimizwa herufi zake na roho yake ikauawa. Hutokea katika makampuni mengi nchini kwamba shauri la kupunguza watu hukaa miezi kadhaa katika meza za wakurugenzi, bajeti mpya ikaandikwa bila majina fulani, mshauri kutoka nje akalipwa kwa kuchora muundo mpya wa ofisi, orodha ikakamilika, ndipo wawakilishi wa wafanyakazi wakaitwa kwenye kikao kinachoitwa cha mashauriano. Hapo hupewa karatasi chache, huambiwa hali ya soko ni mbaya, huombwa watie sahihi ya mahudhurio, na sahihi ile ya mahudhurio huja kutumika kama ushahidi wa kuafiki. Mfanyakazi si mtoto mdogo. Akiona kikao kimeitishwa Jumatano na barua zimechapwa Ijumaa, atajua kwamba alichoulizwa kilikuwa kimekwisha jibiwa, na hapo ndipo huzuni yake hugeuka kuwa ghaidhi.

Tazama pia hesabu ya kiinua mgongo. Sheria hiyo yataka aliyetumika mfululizo mwaka mmoja au zaidi alipwe si chini ya mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, lakini isizidi miaka 10. Maana yake ni kwamba fundi aliyeanza kazi kijana akatumika miaka 25 hupata, kwa kiwango cha chini cha sheria, malipo yale yale ya aliyetumika miaka 10, yaani mshahara wa msingi wa siku 70. Miaka 15 ya uhai wake, ambayo ndiyo miaka aliyokuwa amekomaa katika kazi na kuwafundisha wengine, haihesabiwi kabisa. Yako malipo mengine, kama ya taarifa, ya likizo, na ya kumsafirisha yeye na mizigo yake kwenda mahali alikoajiriwa, na ni halali yake. Lakini hakuna hata moja linaloijibu miaka ile 15. Wakuu wenyewe, kwa upande wao, aghalabu huingia kazini kwa mikataba ambayo malipo ya kuondoka yamekwisha patanwa kabla hawajaketi kitini, wala hakuna anayewaambia kwamba miaka yao ya mwisho haina thamani.

Hapo tunafika kwenye shina la malalamiko. Wahenga walisema ukubwa ni jaa. Walitaka mkubwa afahamu kwamba kila takataka ya jamaa zake itatupwa kwake, naye ataipokea bila kulalama, kwa sababu hiyo ndiyo bei ya heshima anayopewa. Katika makampuni mengi ya zama zetu mambo yamepinduliwa: heshima hubaki juu na takataka husukumwa chini. Uamuzi mbaya wa kununua mitambo isiyofaa, au wa kukopa kwa riba kubwa, au wa kupuuza onyo la mafundi, hufanywa na watu wachache; hasara inapodhihiri, wa kwanza kuilipa ni mlinzi, mhudumu, karani na fundi, ambao hawakuwahi kuulizwa. Mfanyakazi akipita mbele ya ofisi kuu siku ya kupokea barua yake na kuona gari jipya la mkurugenzi limeegeshwa kivulini, hahitaji mchochezi wa kumwambia kuwa ameonewa.

Wakuu wana hoja zao, na baadhi yake zina uzito. Husema kwamba habari ya kupunguza watu ikitoka mapema, mafundi hodari watakimbia wa kwanza, wenye nia mbaya wataiba, na wateja watapoteza imani. Husema kwamba bei ya sukari na vibali vya kuingiza sukari ya nje haviko mikononi mwao. Husema kwamba kampuni isiyopunguza watu kwa wakati itakufa na wote, nao hutaja mifano. Mifano ipo kweli. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa fedha nyingi za mkopo ili kivishe viatu hata wateja wa Ulaya, hakikuwahi kukaribia uwezo wake, na mwaka 1990 kilikuwa kimefungwa. Kule Kenya, Mumias, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote za sukari katika nchi ile, ilizama katika madeni mpaka benki ya KCB ikaiweka chini ya mrasimu mwezi wa Septemba 2019, huku wafanyakazi wake wakidai mishahara ya miezi mingi.

Nami nauliza: katika mifano hiyo, je, kampuni iliuawa na uwazi au na usiri? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mumias haikufa kwa sababu wafanyakazi walijua mno hesabu zake. Ilikufa huku wafanyakazi na wakulima wa magharibi ya Kenya wakiwa wa mwisho kuambiwa jinsi deni lilivyokuwa kubwa. Kuhusu mafundi kukimbia, ukweli ni kwamba hukimbia zaidi wanaposikia uvumi kuliko wanaposikia habari, kwa sababu uvumi hauna kikomo wala tarehe, na kila mtu hujihesabu kuwa yumo katika orodha. Kuhusu wizi, mtu anayeaminiwa kwa siri ya nyumba huilinda nyumba ile. Ni yule anayefanywa mgeni mle anamotoa jasho ndiye anayeiona mali yake kuwa si amana. Wala sidai kwamba kila kupunguza ni dhuluma. Nadai kwamba kupunguza bila ya kuaminiana huigharimu kampuni mara mbili, kwanza katika mafao ya wanaoondoka, na pili katika mioyo ya wanaobaki, ambao hufanya kazi wakiangalia mlango.

Jambo hili ni la haraka kwa bonde la Ruhembe na jirani zake. Mwaka 2021 ilianza kazi ya upanuzi mkubwa wa kiwanda cha Kilombero, kwa shabaha ya kuinua uzalishaji kutoka tani 127,000 mpaka tani 271,000 za sukari kwa mwaka. Ni habari ya faraja kwa taifa ambalo limezoea kuhangaikia sukari kila mwezi wa Ramadhani, na ni faraja kwa mkulima ambaye miwa yake ilikuwa ikikauka shambani kwa kukosa nafasi kiwandani. Hata hivyo, kila penye mitambo mipya duniani, tani moja huhitaji mikono michache kuliko zamani, na kazi mpya huhitaji elimu ambayo mwenye kazi ya zamani hakupewa. Huu basi ndio wakati wa kuzungumza, wakati neema inaingia na hakuna aliyeshika barua, kuliko kungoja siku ambayo kila mtu atakuja mezani na hasira yake. Na Serikali, yenye robo ya hisa katika kampuni hii, haiwezi kusema kwamba jambo hilo ni la mwekezaji peke yake.

Napendekeza mambo manne, na sikuyaelekeza kwa kampuni moja tu bali kwa kila mwajiri mkubwa katika nchi hii. La kwanza ni kwamba kupunguza kuanzie juu. Kabla ya barua ya kwanza kumfikia mtu wa chini, wafanyakazi waonyeshwe kwa maandishi ni kiasi gani wakurugenzi wamekatwa katika mishahara, posho, magari na safari zao, na ni washauri wangapi wa nje wamesitishiwa mikataba. Fedha itakayopatikana huenda isiokoe ajira nyingi; lakini mkuu aliyejikata mwenyewe kwanza anaposema hali ni mbaya, watu humsadiki.

La pili ni kwamba habari za hesabu zitolewe kila robo ya mwaka, katika Kiswahili kinachoeleweka, kwa baraza la wafanyakazi na kwa tawi la chama chao, iwe mwaka ni wa faida au wa hasara. Mwajiri anayefungua daftari wakati wa shida tu hushukiwa kuwa ameliandika kwa ajili ya shida hiyo. Aidha, viongozi wa matawi nao wana wajibu wa kujifunza kusoma mizania, kwa maana mjumbe asiyeweza kutofautisha hasara ya kweli na ya kutengenezwa hawezi kumtetea mtu, hata kama ana sauti kubwa mkutanoni.

La tatu ni kwamba Bunge litazame upya ukomo wa miaka 10 katika kiinua mgongo. Mpaka litakapofanya hivyo, vyama vya wafanyakazi viingize katika mikataba ya hali bora za kazi malipo yanayohesabu kila mwaka wa utumishi, pamoja na ahadi ya kwamba nafasi zikifunguka tena, waliopunguzwa wataitwa kabla ya wageni. Katika mashamba yenye kota, mkataba utaje pia muda wa kutosha wa kukaa ndani ya nyumba baada ya kazi kukoma, angalau mpaka muhula wa shule wa watoto umalizike.

La nne ni juu ya wafanyakazi wa msimu na wa makandarasi, ambao ndio wengi na ndio wasioonekana. Kampuni inayonufaika na jasho lao kila mwaka isijifiche nyuma ya mkandarasi. Idadi ya watakaohitajika msimu ujao itangazwe mapema, kabla mtu hajafunga safari ya siku mbili kuja bondeni kutafuta kazi isiyokuwapo, na miaka aliyotumikia chini ya makandarasi mbalimbali iandikwe mahali pamoja ili siku moja iweze kumsaidia.

Wafanyakazi nao wasikie neno lao. Ghadhabu ni haki, lakini haijawahi kumlipa mtu mafao. Aliyepunguzwa ana muda mfupi wa kulalamika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, naye akiupoteza muda huo kwa kulaani vijiweni, sheria haitamngoja. Adai barua yake, adai cheti chake cha utumishi, adai nauli yake, na asitie sahihi karatasi asiyoielewa eti kwa sababu mwenzake amekwisha tia. Na yule ambaye jina lake halikutokea katika orodha asigeuze uso kana kwamba hakumjua jirani yake, kwa kuwa orodha ya pili huandikwa na watu wale wale walioiandika ya kwanza.

Kwenu wakuu wa makampuni, ombi langu ni moja. Siku mtakapolazimika kupunguza watu, nendeni wenyewe mkasimame mbele yao, mseme sababu kwa vinywa vyenu, mwonyeshe mlichokitoa ninyi kabla ya kuwaomba wao, na mjibu maswali mpaka yaishe. Msimtume mwanasheria, wala ofisa rasilimali watu aliyeajiriwa juzi, wala mlinzi wa getini. Kiongozi asiyeweza kumtazama usoni mtu anayemwondolea riziki hajastahili kupewa madaraka juu ya riziki ya watu.